Baa ya Kijiji cha Uingereza Machoni pa Wageni

Baa ya kijiji nchini Uingereza ilianza ikiwa nyumba ya mtu. Katika Zama za Kati pombe ya shayiri ilipikwa jikoni, na aliyeipika mara nyingi alikuwa mwanamke: mke wa mkulima, au mjane aliyetafuta cha kulishia watoto. Pombe ilipoiva, mwanamke huyo alichomeka juu ya mlango wake mti mrefu wenye kitita cha matawi nchani, majirani wakajua kwamba kwa fulani leo kuna kinywaji. Ilikuwa pombe isiyotiwa hopsi (maua machungu yanayoikinga isiharibike), nayo ilichacha baada ya siku chache. Ilibidi inywewe upesi, na ilipokwisha mti ulishushwa, wiki iliyofuata ukaonekana kwenye mlango wa mwingine. Msomaji anayekijua kijiji cha Tanzania ambako pombe hunywewa leo kwa mama huyu na kesho kwa yule atauelewa utaratibu huo bila kuelezwa zaidi.

Dola haikukawia kuingia jikoni humo. Katika karne ya 13 sheria ilikwishafunga bei ya pombe kwenye bei ya nafaka, na kila mahali paliteuliwa waonjaji wa kuhakikisha kwamba kinachouzwa hakijachujuka wala hakipimwi kwa kibaba cha wizi. Mwaka 1393, enzi za Mfalme Richard II, wapika pombe waliamriwa kutundika alama nje ya nyumba zao, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama hizo zilikuwa picha: simba mwekundu, taji, paa mweupe. Hopsi zilipowasili kutoka Uholanzi na nchi jirani katika karne ya 15, pombe ilianza kudumu na upishi ukawezekana kwa wingi, hivyo kazi ikawatoka wanawake kidogokidogo na kuingia mikononi mwa wanaume wenye mitaji. Sheria ya mwaka 1552 ilimtaka kila muuzaji apate kibali cha mahakimu wawili. Hesabu iliyofanywa mwaka 1577 katika sehemu kubwa ya nchi ilikuta nyumba za pombe zaidi ya 14,000, na wakati huo wakazi wote wa Uingereza hawakufika milioni nne.

Hesabu hiyo ilitenganisha nyumba za aina tatu, na asiyeuzingatia mgawanyo huo hawezi kuwaelewa wageni walioandika baadaye. Kulikuwa na nyumba ya pombe, yaani chumba kimoja au viwili vya wanakijiji. Kulikuwa na nyumba ya mvinyo, iliyokuwa ya mjini na ya wenye fedha. Na kulikuwa na nyumba ya wageni yenye zizi la farasi, vyumba vya kulala na chakula, iliyojengwa kando ya barabara kuu. Msafiri alishukia katika hii ya tatu. Kwa karne mbili na zaidi, karibu kila kilichoandikwa na wageni kuhusu baa za mashambani Uingereza kilihusu nyumba za barabarani; ile ya kwanza, iliyokuwa ya kijiji hasa, waliipita wakiwa juu ya farasi.

Fynes Moryson alikuwa Mwingereza, lakini alitazama nchi yake kwa jicho la mgeni, maana alikuwa ametembea miaka mingi Ulaya na mpaka Yerusalemu. Katika kitabu chake cha mwaka 1617 alidai kwamba ulimwengu mzima hauna nyumba za wageni kama za Uingereza. Msafiri akifika tu, alieleza, watumishi wanamkimbilia: mmoja anamtembeza farasi wake hadi jasho likauke kisha anamsugua na kumlisha, mwingine anamwonyesha msafiri chumba na kumwashia moto, wa tatu anamvua buti na kuzisafisha. Akila pamoja na mwenye nyumba, mlo ulimgharimu peni sita, na kwingine nne tu. Sifa hizi zina uzito kwa sababu Moryson alikuwa amelala kwingi na alijua kulinganisha. Hata hivyo aliyezitoa alikuwa bwana mwenye farasi na mfuko wa fedha.

Jinsi alivyopokewa mtu asiye na farasi ilielezwa na Mjerumani. Karl Philipp Moritz, mwalimu kutoka Berlin, alifika Uingereza mwaka 1782 akiwa na umri wa miaka 25, akaamua kuizunguka kwa miguu. Kitabu chake, kilichotoka mwaka uliofuata, ndicho ushahidi bora kuliko wote wa karne ile, kwa sababu Moritz alijifunza kwa mwili wake jambo ambalo wasafiri wa magari ya farasi hawakuwahi kulihisi: kwamba nyumba ileile ina milango miwili, na mtu huchaguliwa mlango kwa hali ya viatu vyake. Kwa Waingereza wa wakati huo mtembea kwa miguu alikuwa mzururaji au mwizi. Huko Eton alinyimwa mahali pa kulala. Windsor alipewa chumba kibovu, akalipishwa bei ya chumba kizuri, na mtumishi aliyeona bakshishi yake ni ndogo akamlaani waziwazi.

Halafu alifika Nettlebed, kijiji cha Oxfordshire. Huko aliruhusiwa kulala, akaketishwa jikoni pamoja na askari na watumishi, mbele ya moto, vyombo vya shaba na vya bati vikimetameta ukutani. Moritz alipapenda mara moja, naye aliliandika jiko hilo kwa mapenzi ambayo hakuyatoa kwa kasri lolote la London. Asubuhi alivaa shati safi ili aende kanisani. Wenyeji walipomwona hivyo walimwondoa jikoni, wakampeleka sebuleni, na namna ya kumwita ikabadilika: jana alikuwa anaitwa kama mkulima wa kawaida, leo anaitwa kama muungwana. Mtu hakubadilika, shati tu. Moritz hakukasirika, alilieleza jambo lenyewe kwa utulivu, akakaa na wanakijiji kusikiliza ibada, akaondoka, kisha akarudi tena kwa kuwa kijiji kilimvuta. Ni yeye pia aliyeona kitu ambacho wenyeji hawakukiona tena kwa kukizoea: vibao vikubwa mno vya nyumba za pombe vilivyoning'inia katikati ya barabara, vikishikiliwa na boriti lililovuka kutoka nyumba moja hadi ya mkabala.

Wengine waliandika kwa kadiri ya mifuko na tabia zao. Mswisi César de Saussure, aliyekuwa Uingereza katika miaka ya 1720, alishangaa kwamba hata maskini hawakuwa na desturi ya kunywa maji. Kiu yao iliondolewa na bia nyepesi. John Byng, bwana wa Kiingereza aliyezunguka mashambani kwa farasi kila kiangazi kati ya mwaka 1781 na 1794, alijaza shajara zake manung'uniko kuhusu shuka zenye unyevu na mvinyo mbaya, na hata hivyo hakuacha kusafiri. Kabaila wa Kijerumani, Hermann von Pückler-Muskau, aliyekuja mwaka 1826 kutafuta mke tajiri na asimpate, alisifu kitanda kikubwa, zulia na wingi wa maji ya kuogea ambavyo alivikuta hata katika nyumba za vijijini, akasema kwao vitu hivyo havipatikani.

Wakati Pückler-Muskau anaandika, baa yenyewe ilikuwa inageuka chini ya miguu ya wageni. Mwaka 1797 fundi Joseph Bramah alikuwa amesajili pampu ya kuvuta bia kutoka kwenye mapipa ya chini ya sakafu, na pampu hiyo ndiyo iliyoleta mikono mirefu ambayo leo inahesabiwa kuwa sura ya baa ya Kiingereza. Kaunta nayo ilitoka kwenye maduka ya mijini ya pombe kali iitwayo jini, ikaenea mashambani katika karne ya 19. Kabla yake mnywaji aliketi mezani na bia ililetwa kwa jagi kutoka stoo. Kisha ikaja Sheria ya Bia ya mwaka 1830. Serikali, ikitumaini kuwaondoa watu kwenye jini na kuvunja nguvu za wapika bia wakubwa, ilimruhusu mlipa kodi yeyote auze bia nyumbani kwake bila kuwaomba mahakimu, mradi alipe pauni mbili na shilingi mbili kwa mwaka. Kabla mwaka huo haujaisha, nyumba mpya zaidi ya 24,000 zilikuwa zimefunguliwa. Fundi viatu, mhunzi, mjane, kila mmoja aligeuza chumba cha mbele kuwa mahali pa kunywea. Nyingi ya baa ndogo ambazo mtalii wa leo anazipiga picha akiziita za kale zilizaliwa kwa sheria hiyo. Uhuru huo ulidumu hadi mwaka 1869, mahakimu waliporudishiwa mamlaka.

Miaka hiyohiyo reli iliua barabara. Magari ya farasi yalikoma, nyumba kubwa za wageni zikabaki na mazizi matupu, na wasafiri wakapita mbali na vijiji. Na hapo ndipo mapenzi ya kweli yalipoanza. Mmarekani Washington Irving alikuwa amekwishatengeneza njia. Katika kitabu chake cha mwaka 1819 na 1820 alieleza jioni aliyokaa peke yake katika sebule ndogo ya nyumba ya wageni ya Red Horse, mjini Stratford-upon-Avon, akijiona mfalme, kiti kikiwa enzi yake na chuma cha kuchochea moto kikiwa fimbo yake ya kifalme. Wamarekani wengi walimfuata wakiwa na kitabu mkononi, na wenye nyumba walikihifadhi kile chuma wawaonyeshe. Hapo mambo yaligeuka: kwa mara ya kwanza mgeni alikuja kutazama alichokisoma, na mwenyeji akajifunza kukiweka tayari.

Upande ambao wageni hawa hawakuuona umehifadhiwa na Flora Thompson. Alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji kidogo cha Juniper Hill, Oxfordshire, naye katika kitabu chake Lark Rise, kilichochapishwa mwaka 1939, alieleza baa ya kijiji ya miaka ya 1880. Vibarua wa mashamba walilipwa shilingi kumi kwa wiki. Kila jioni walikusanyika, lakini hakuna aliyelewa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kugharimia ulevi: nusu painti ilinyonywa polepole ili itoshe hadi wakati wa kufunga. Walichokifuata kilikuwa taa, moto na maneno. Walizungumza siasa, walisimuliana habari, waliimba kwa zamu, na mzee mmoja wa miaka 83 alifunga jioni kwa wimbo wake uleule wa kale. Wake waliokuwa nyumbani waliposikia sauti yake ikipita hewani walijua kwamba wanaume wako karibu kurudi. Mwanamke wa heshima hakuingia humo. Maandishi ya wageni kuhusu furaha ya baa ya kijiji yanapaswa kusomwa pamoja na kumbukumbu hii, la sivyo msomaji atadhani nusu ya kijiji ilikuwa ndiyo kijiji kizima.

Kazi nyingine za nyumba hiyo pia hazikuwa za kumvutia mtalii. Mwenye ardhi alipokea humo kodi za wapangaji wake. Minada ilifanyika humo. Mtu akifa kwa namna ya kutiliwa shaka, baraza la kuchunguza kifo chake liliketi katika baa, mara nyingine maiti ikiwa imelazwa kwenye banda la uani, na desturi hiyo ilififia tu baada ya sheria ya mwaka 1902 kuzuia mikutano hiyo ifanyike humo palipokuwa na jengo jingine linalofaa. Muhimu kuliko yote, vyama vya kufa na kuzikana vilikuwa na chumba chao ghorofani. Kila mwezi kibarua alilipa peni chache kwenye sanduku lenye kufuli, na akiugua alipata posho, akifa alizikwa bila kutupwa kwenye kaburi la maskini. Kabla ya bima ya taifa ya mwaka 1911, sanduku hilo la kwenye baa ndilo lililosimama kati ya familia nyingi na ufukara.

Nyimbo ziliwaleta wageni wa aina nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wasomi na watunzi wa muziki walizunguka vijijini kuandika nyimbo za wazee kabla hazijapotea, na wengi walizikuta zikiimbwa baa. Mwaka 1939 BBC, kwa juhudi za mkusanyaji wa nyimbo A. L. Lloyd, ilipeleka mitambo yake Eel's Foot, baa ya kijiji cha Eastbridge huko Suffolk, ikarekodi nyimbo za hapo. Waimbaji hawakuimba ovyo. Kulikuwa na mwenyekiti aliyegonga meza kutaka utulivu, na kila aliyehudhuria alipaswa kutoa wimbo zamu yake ilipofika. Mgeni aliyedhani anaingia mahali pa vurugu alikuta kikao chenye kanuni kuliko mikutano mingi ya hadhara.

Kwa wakazi wa mijini waliobaki, baiskeli ndiyo iliyofungua njia. Chama cha waendesha baiskeli wa matembezi kiliundwa mwaka 1878, na nyumba zilizokuwa zimekufa kwa sababu ya reli zikaanza tena kuuza chai, nyama na vitanda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza likaja gari. H. V. Morton alizunguka nchi kwa gari dogo, na kitabu chake cha mwaka 1927, In Search of England, kilisomwa na watu wasiohesabika waliotaka kuamini kwamba nyuma ya viwanda na makaburi ya vita bado kulikuwa na kijiji chenye kanisa, mwaloni na baa. Hamu hiyo si ya kubezwa. Taifa lilikuwa limepoteza vijana laki kadhaa na lilitafuta mahali pa kuuegemeza moyo. Lakini biashara iliitambua haraka. Kampuni za bia, ambazo kufikia mwaka 1900 zilikwishanunua sehemu kubwa ya baa zote ili ziuze bia zao tu, zilijenga kando ya barabara kuu nyumba mpya zenye mbao nyeusi na chokaa nyeupe kwa mtindo wa karne ya 16. Trekta lilipochukua kazi ya farasi, mapambo ya shaba ya lijamu yalihamia kwenye kuta za baa. Nyumba nyingine zilianza kutangaza miaka ya kustaajabisha: ile ya Nottingham iitwayo Ye Olde Trip to Jerusalem imeandikwa ukutani mwaka 1189, ingawa jengo linaloonekana halivuki karne ya 17 hivi.

Nguvu ya mgeni mmoja ilidhihirika Cornwall. Jamaica Inn, nyumba ya wasafiri iliyojengwa mwaka 1750 katika nyika ya Bodmin, ilikuwa kituo cha upweke hadi mwandishi Daphne du Maurier alipolala hapo mwaka 1930, baada ya kupotea nyikani. Riwaya yake ya mwaka 1936 kuhusu wavunja meli na magendo, kisha filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1939, ziliifanya nyumba hiyo kuwa mahali pa kuhiji. Wanaofika leo wanatafuta kilichobuniwa na du Maurier, na wanakipata, maana nyumba imekipanga.

Kundi kubwa kuliko yote la wageni lilikuja bila kuchagua. Kuanzia mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani walimiminika Uingereza, na kufikia masika ya mwaka 1944 walikuwa karibu milioni moja na nusu, wengi wao wakiwa kwenye kambi za mashambani. Serikali yao iliwagawia kijitabu cha maelekezo, na sehemu yake kuhusu baa imeandikwa kwa hekima isiyo ya kawaida katika nyaraka za jeshi. Baa, kiliwaambia, ni klabu ya mtu maskini, mahali anapokutana na rafiki zake, wala si mahali pa wageni. Mtakaribishwa mkikumbuka hivyo, na katika mchezo wa vishale ngojeni mwalikwe. Kiliwaonya pia kuhusu bia, iliyokuwa nyepesi kwa sababu ya uhaba wa vita na isiyopozwa kwa barafu. Malalamiko kuhusu bia ya moto yalianza hapo na hayajakoma mpaka sasa, ingawa bia hiyo haina joto la kweli: hutolewa na ubaridi wa stoo ya chini ya ardhi, nyuzijoto 12 hivi, ambapo ladha yake husikika.

Katika jeshi hilo kulikuwa na askari Weusi, waliotengwa na wenzao Weupe kwa sheria za jeshi lao wenyewe. Kwa wengi wao baa ya kijiji ilikuwa mahali pa kwanza maishani walipohudumiwa kwenye kaunta moja na Weupe. Katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, inasimuliwa kwamba makamanda wa Kimarekani walipodai ubaguzi wa rangi uwekwe kwenye baa zote tatu, wenye baa walibandika matangazo ya kuwaruhusu askari Weusi pekee. Usiku wa tarehe 24 Juni 1943 polisi wa kijeshi walijaribu kuwakamata askari Weusi waliokuwa wanakunywa katika Ye Olde Hob Inn, nyumba ndogo iliyoezekwa kwa nyasi. Wanakijiji na wanawake wa jeshi la Uingereza waliokuwamo waliwatetea. Ugomvi ulihamia barabarani, silaha zikatolewa, na kabla ya mapambazuko askari William Crossland alikuwa ameuawa kwa risasi. Mahakama za kijeshi ziliwatia hatiani zaidi ya askari 30 Weusi. Baadaye Jenerali Ira Eaker alikiri kwamba kosa kubwa lilikuwa la uongozi mbaya na la polisi wa kijeshi, na vifungo vikapunguzwa. Bustani ya kumbukumbu imetengenezwa mkabala na baa hiyo.

Ingekuwa uongo kuishia kwenye kijiji hicho. Miaka michache baadaye watu kutoka Karibi, Asia na Afrika walikwenda Uingereza kufanya kazi, na baa kadhaa ziliwafungia milango au kuwatengea chumba. Mwaka 1964 Paul Stephenson, Mwingereza mwenye baba Mwafrika, alikataa kutoka katika baa ya Bristol alipoambiwa kwamba watu Weusi hawatakiwi, akashtakiwa, na kesi ikafutwa. Sheria ya Uhusiano wa Rangi ya mwaka 1965 ndiyo iliyopiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo katika baa na sehemu nyingine za umma. Kwa hiyo sifa ya ukarimu wa baa ya Kiingereza inategemea sana ni nani aliyeingia, na aliingia lini. Moritz na shati lake angelielewa jambo hilo.

Watalii wa nusu ya pili ya karne ya 20 walishangazwa zaidi na saa kuliko kitu kingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ilizifunga baa mchana ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe, na amri hiyo ya vita iliachwa iendelee hadi mwaka 1988. Mfaransa au Mwitalia aliyefika kijijini saa tisa alasiri, kiu imemkaba, alikuta mlango umefungwa na hakuna aliyeweza kumweleza sababu, maana wengi walikuwa wameisahau. Tatizo la pili lilikuwa adabu za humo. Mwaka 1996 mwanaanthropolojia Kate Fox alichapisha mwongozo kwa ajili ya watalii, baada ya kuona wageni wakiketi mezani muda mrefu wakimngoja mhudumu asiyekuja. Alieleza kwamba mnywaji huenda kaunta mwenyewe. Kwamba pale kaunta kuna foleni isiyoonekana, na mhudumu anajua nani alitangulia. Kwamba kupunga noti au kupaza sauti ni utovu wa adabu. Kwamba mhudumu haachiwi bakshishi bali hualikwa naye anywe kimoja. Na kwamba raundi ni wajibu. Anayekunywa vya wenzake na kuondoka kabla zamu yake haijafika hukumbukwa kwa muda mrefu, jambo ambalo mnywaji wa Dar es Salaam au Nairobi angelifahamu kuliko Mjerumani anayelipa chake.

Bia yenyewe ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1960 kampuni sita kubwa zilishika soko, zikaiondoa bia inayoendelea kuiva ndani ya pipa na kuleta bia iliyochujwa na kutiwa gesi, ambayo ilisafirishwa kwa urahisi na kufanana nchi nzima. Upinzani ulianzishwa na wageni katika kijiji cha watu wengine: mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizo magharibi mwa Ireland waliunda, katika baa ya Kruger's huko Dunquin, chama cha kuitetea bia ya jadi, kinachojulikana kwa jina la CAMRA. Kitabu chake cha mwongozo wa baa, kinachotoka karibu kila mwaka tangu 1974, kimewapeleka wapenda bia katika vijiji ambavyo hakuna basi linalofika, na baa nyingi za mashambani zimeishi kwa wageni hao.

Nyingine hazikuishi. Nyumba za mashambani zilipanda bei, wakazi wa mijini wakazinunua kwa mapumziko ya mwisho wa wiki, vijana wakahama, sheria dhidi ya kuendesha gari ukiwa umekunywa ikapewa meno mwaka 1967 kwa kipimo cha pumzi, bia ya dukani ikawa rahisi, na mwaka 2007 uvutaji wa sigara ukapigwa marufuku ndani. Zilizobaki nyingi zimekuwa mikahawa yenye bia, ambako mgeni anakula vizuri na huenda asikutane na mwanakijiji hata mmoja.

Hesket Newmarket, kijiji kidogo kaskazini mwa Cumbria, kilichukua njia nyingine. Mwaka 2003, baa yake iitwayo Old Crown ilipouzwa, wakazi na marafiki wao zaidi ya 100 walichanga fedha wakainunua, ikawa baa ya kwanza ya ushirika nchini. Sheria ya Mamlaka za Mitaa ya mwaka 2011 iliwapa wanakijiji wa Uingereza haki ya kuiorodhesha baa kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na ikitangazwa kuuzwa wanapewa hadi miezi sita ya kutafuta fedha kabla mnunuzi mwingine hajaruhusiwa kuichukua. Baa kadhaa zimenunuliwa hivyo. Katika baadhi yake chumba cha nyuma kimekuwa ofisi ya posta, duka au maktaba, na wanahisa ndio wanaopanga saa za kufungua na bia ya kuuza.